Zege, Mwezi na mdogo wangu saidia fundi

Najua nimepotea. Si mnajua tena, bumu limechelewa, testi zimefuatana kama daladala za asubuhi, na maji kwenye hosteli yetu yanatoka saa nane za usiku, kwa hiyo mtu unapiga msuli huku sikio liko kwenye bomba. Lakini leo nimesema liwalo na liwe, nakaa kwenye kimbweta naandika. Nina nondo ya kuwapa, na safari hii haikutoka kwenye desa la mtu. Imetoka kwenye ndoo ya zege.

Kwa wale ambao hamjui, mimi nina mdogo wangu wa kiume, tunafuatana. Matokeo ya kidato cha nne hayakumkalia vizuri, akaamua arudie mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Sasa ada ya mtihani haiokotwi barabarani. Mama alimwambia hana, na mimi mwenyewe mnajua hali yangu. Dogo akaingia mtaani, akapata kibarua cha saidia fundi kwenye jengo moja linaloota huku mjini. Kazi yake ni kubeba ndoo ya zege begani, anapanda nayo ngazi za mirunda, anamwaga, anashuka, anaanza upya. Asubuhi mpaka jioni.

Mwezi uliopita walikuwa ghorofa ya kwanza. Sasa hivi wako ya nne. Malipo ni yale yale ya siku.

Basi Jumapili moja akanibipu. Nikampigia. Hakunisalimia hata vizuri, akasema, "Braza, wewe si unasoma fizikia? Nipigie hesabu. Nataka nikamwoneshe msimamizi wa saiti kwamba ghorofa ya nne si sawa na ya kwanza." Nikamwambia dogo, hiyo hesabu haina hata mistari mitatu, subiri nichukue kalamu. Kumbe simu ile ingenila muda wa maongezi wote niliokuwa nao, na siku mbili za kuwaza.

Hesabu yenyewe ni hii, na wale wa sanaa msikimbie, haiumi. Kitu chochote ukikipandisha juu unakiwekea nishati. Vitabu vinaiita nishati tuli, kwa sababu imetulia pale inangoja. Ukitaka kujua ni kiasi gani, unazidisha vitu vitatu: tungamo la kitu, yaani kilo zake, nguvu ya mvutano wa mahali ulipo, na kimo ulichokipandisha. Basi, imeisha. Hapa duniani mvutano tunauandika 9.8, yaani kila kilo moja inavutwa chini kwa nyutoni 9.8. Jibu linatoka kwa jouli.

Ndoo ya dogo ina kilo 20 hivi ikijaa. Ghorofa moja ni kama mita 3, kwa hiyo ya nne iko mita 12 juu. Zidisha: 20 mara 9.8 mara 12, unapata jouli 2,352. Ghorofa ya kwanza ilikuwa jouli 588. Mara nne kamili. Dogo alifurahi huyo! Akasema, "Si unaona? Nilipwe mara nne."

Nikamwambia ngoja kwanza, kuna kitu umekisahau. Ndoo haipandi ngazi yenyewe. Na wewe unapanda.

Dogo ana kilo 65. Mwili wake peke yake, mpaka ghorofa ya nne, ni 65 mara 9.8 mara 12, jouli 7,644. Jumlisha na ndoo unapata 9,996. Elfu kumi kasoro nne! Yaani katika kila jouli nne anazozitoa kupanda, tatu na ushee zinakwenda kumpandisha yeye mwenyewe, na zege linapata isiyofika moja. Halafu akishamwaga anashuka, na ile nishati ya mwili wake haimfai mtu. Inaishia kwenye magoti na misuli, inageuka joto, anatoka jasho. Kesho yake magoti yanamuuma anadhani ni baridi.

Hapo dogo akanyamaza kidogo. Halafu akauliza swali ambalo ndilo hasa limenifanya niandike leo. "Sasa braza, si bora tungejengea Mwezini? Si wanasema kule vitu ni vyepesi?"

Mwenzangu wa chumbani akacheka sana. Mimi sikucheka. Ni swali zuri, na lekchara angeliuliza hivyo hivyo angelipata watu darasani wasiojua pa kuanzia.

Twende Mwezini basi. Kule mvutano ni kama 1.62, karibu sehemu moja ya sita ya huku. Tungamo la ndoo halibadiliki, ni kilo zile zile 20, zege ni lile lile. Kinachobadilika ni jinsi linavyovutwa. Dogo na ndoo yake mpaka mita 12 ni 85 mara 1.62 mara 12, unapata jouli 1,652 hivi. Ukienda Mirihi, ambako mvutano ni 3.7, safari hiyo hiyo ni jouli 3,774. Mshtarii ndiyo usiombe: kule ni 24.8, kwa hiyo safari moja ingegharimu jouli 25,296, na hata pa kusimamisha mirunda hakuna, maana sayari yenyewe ni gesi tupu, haina ardhi ya kukanyaga. Kazi ni ile ile, ndoo ile ile, ngazi zile zile, lakini bei ya kupanda inapangwa na mahali ulipo.

Nilivyomtajia ile 1,652 dogo akapiga mluzi. Lakini Mwezini huwezi kupanda ngazi na fulana na yeboyebo. Hakuna hewa. Wale Wamarekani wa Apollo walivaa mavazi ambayo, pamoja na mzigo wa hewa mgongoni, yalikuwa na zaidi ya kilo 80. Sasa weka hizo 80 juu ya dogo na ndoo yake, unapata kilo 165. Mara 1.62 mara 12: jouli 3,207 na ushee. Bado ni nafuu kuliko elfu kumi za huku, ndiyo, lakini ikumbukeni hiyo namba, tutairudia.

Na kuna jambo jingine ambalo watu wengi hawalioni. Mwezini uzito unapungua, tungamo halipungui. Ndoo ya kilo 20 ikibembea ikakugonga kwa mwendo ule ule, itakuumiza vile vile kama ya hapa mjini. Mwaka 1972, kwenye safari ya Apollo 16, mwanaanga Charles Duke aliamua kuruka juu kwa ajili ya kujifurahisha, akapoteza mhimili akaanguka chali juu ya ule mzigo wa hewa. Kama ungepasuka, habari yake ingeishia pale pale. Mvutano mdogo ulimpa raha ya kuruka, lakini haukumfanya awe wa pamba.

Kuanguka nako kuna hesabu yake. Ile nishati uliyoiweka juu inarudi yote ikiwa mwendo. Ndoo ikimponyoka mtu ghorofa ya nne huku kwetu, inafika chini na kasi ya mita 15.3 kwa sekunde, yaani kama kilomita 55 kwa saa. Hiyo ni daladala inayokimbilia abiria. Mwezini ndoo hiyo hiyo ingefika na kilomita 22 kwa saa. Mtu atasema, mbona mvutano umepungua mara sita na mwendo umepungua mara mbili na nusu tu? Kwa sababu nishati ya mwendo inakwenda kwa mraba wa kasi, kwa hiyo ukitafuta kasi unachukua kipeuo cha pili. Kipeuo cha pili cha sita ni mbili na nusu hivi. Nilimwambia dogo, chukua hii moja hata kama hutaki nyingine zote: usipite chini ya mtu anayebeba. Akasema kwao kuna mzee anapiga kelele hiyo kila siku bila kujua kipeuo.

Siku ya pili nikaendelea kuchimba, maana hii kitu ilinikaa kichwani kuliko ile kozi yenyewe. Mnajua kwamba hata hapa duniani mvutano si mmoja? Mwaka 1672 Mfaransa mmoja, Jean Richer, alikwenda Cayenne, Amerika ya Kusini karibu na ikweta, akiwa na saa ya timazi iliyorekebishwa vizuri Paris. Kule ikawa inachelewa dakika mbili na nusu kila siku. Saa haikuwa mbovu. Mvutano wa ikweta ni mdogo kidogo, kwa hiyo timazi inabembea polepole. Ikabidi aifupishe. Dunia inazunguka, na imevimba kiunoni, kwa hiyo sisi wa ikweta tuko mbali kidogo na kitovu chake. Ikweta ni 9.78, kwenye ncha ni 9.83. Wabeba boksi wetu walioko London wanavutwa zaidi kuliko sisi! Boksi la kilo 20 kule linaongezeka uzito kama wa gramu 60 hivi za huku. Ni kiganja cha mchele, lakini mjue tu, jamaa zetu wanaumia.

Milima nayo ina visa. Kule Mirihi kuna mlima unaitwa Olympus Mons, una kimo cha kama kilomita 22. Kilimanjaro yetu ni mita 5,895. Ukitazama kwa macho unasema ule ni karibu Kilimanjaro nne. Lakini piga hesabu ya nishati: kila kilo moja unayoipandisha kutoka usawa wa bahari mpaka Uhuru inataka jouli 57,771. Kilo moja mpaka kilele cha Olympus Mons inataka 81,400 tu. Mara moja na nusu kasoro! Kimo mara nne, kazi haifiki hata mara mbili. Ndiyo maana nasema mita peke yake haikuambii kitu mpaka uulize mita ya wapi.

Mwenzangu wa chumbani ni mtu wa Moshi. Aliposikia haya akajitapa kwamba wao kwao wako juu mita zaidi ya 800, kwa hiyo wamezaliwa na nishati tuli kutuzidi sisi wa Pwani. Nikamwambia hiyo yote uliiacha kwenye breki za basi ulivyokuwa unakuja chuo. Na tena sifuri unaiweka unapotaka. Ukiamua sifuri iwe Moshi, basi mimi niko chini ya sifuri, haina shida. Fizikia haijali ulianzia wapi, inajali umepanda kiasi gani. Akasema hiyo ni siasa. Labda.

Na hizi hesabu za kuzidisha vitatu zinafaa ukiwa karibu na ardhi tu. Ukienda mbali, mvutano wenyewe unapungua njiani, inabidi utumie kanuni nyingine. Ukiitumia unakuta kwamba kilo moja, ili iondoke duniani moja kwa moja isirudi, inataka jouli milioni 62 na nusu hivi. Kutoka Mwezini inataka kama milioni 2.8. Mara ishirini na mbili! Sasa kumbukeni picha za Apollo. Wakati wa kuondoka hapa, roketi ya Saturn V ilikuwa na urefu wa mita 110 na tani karibu 3,000. Wakati wa kuondoka Mwezini, watu wawili walipanda kidude cha tani kama 5 tu, kikawapeleka mpaka kwenye chombo kilichokuwa kinawasubiri kikizunguka. Nilipokuwa mdogo nilikuwa najiuliza, mbona kurudi hawakuhitaji lile limnara? Jibu ndilo hilo.

Haya, turudi saiti, maana najua mnataka kujua dogo ilikuwaje.

Nilimwonya jambo moja kabla hajaenda kwa msimamizi. Nikamwambia usiende kudai kwa jouli. Meta moja ya ujazo ya zege ina kama kilo 2,400. Kuipandisha mita 12 ni jouli 282,240. Unajua hiyo ni yuniti ngapi za Luku? Haifiki hata sehemu moja ya kumi ya yuniti moja! Msimamizi akiamua akulipe kwa bei ya nishati, ndoo zote 120 mtalipwa hela ya pipi, mgawane sita. Fizikia haijui mshahara. Haijui magoti, haijui ada ya mtihani, haijui kwamba mama anasubiri simu. Inachoweza kukuonesha ni wapi nguvu yako inapotelea.

Na inapotelea kwenye kupanda ngazi. Kwa hiyo nikamwambia, dogo, acha kupanda wewe. Panda ndoo. Tafuteni roda na kamba.

Roda moja ya juu haipunguzi mzigo, msidanganyike. Inabadilisha tu upande wa kuvuta: badala ya kuinua juu unavuta chini, na uzito wa mwili wako unakusaidia. Lakini inakuacha wewe ubaki chini. Kila safari inakuwa ile 2,352 ya ndoo peke yake, ukiacha kinachopotea kwenye msuguano na uzito wa kamba. Kutoka 9,996 mpaka 2,352! Sasa ile namba niliyowaambia mkumbuke: dogo kupanda Mwezini na vazi lake ni 3,207. Mnaona? Roda ya kununua mtaani na kamba ya katani imeushinda Mwezi. Nilipomwambia hivyo dogo alicheka mpaka simu ikakatika, au salio ndilo lilikatika.

Msimamizi kwanza alimkatalia. Habari ya kulipwa kwa ghorofa hakutaka hata kuisikiliza. "Siku ni siku," akasema. Ya roda akaikubali haraka mno, na hapo ndipo dogo akashtuka. Maana yule bwana alikuwa ameshapiga hesabu yake: kama kamba inavuta, saidia fundi sita wa nini? Wanne wanatosha. Wawili warudi nyumbani.

Hapo hakuna kanuni niliyomfundisha. Dogo alinisimulia baadaye kwamba wale sita walikwenda pembeni nyuma ya rundo la kokoto wakaongea. Mmoja ana mtoto wa wiki mbili. Mwingine ni yule mzee anayewapigia kelele. Wangeanza kutoa watu, hao ndio wangetoka, kila mmoja alijua na hakuna aliyesema. Wakakubaliana wasiseme kitu mpaka siku ya kumwaga. Siku yenyewe ilipofika, mashine inazunguka, saruji imeshakutana na maji, wakamwendea wakamwambia: roda tunafunga, lakini sisi ni sita mpaka slabu ya ghorofa ya nne iishe, la sivyo kila mtu ashike njia yake. Na nyie mnajua msemo wa mafundi, zege halilali. Yule bwana aliangalia mashine, akaangalia saa, akatukana kidogo, akakubali.

Malipo hayakupanda hata shilingi. Lakini waliondoka saa tisa badala ya magharibi, wote sita, na dogo anasema ile jioni ndiyo ya kwanza tangu aanze kazi aliyofungua daftari bila kusinzia. Ghorofa ya tano itakuwaje, hajui. Msimamizi safari hii atakuwa amejiandaa, na mzee ameshasema ataondoka mwenyewe kabla hajaondolewa. Nimemwambia dogo sina hesabu ya hilo. Akasema anajua, yeye alitaka tu kuniambia.

Fomu ya mtihani ameshaijaza. Fizikia ameiweka, mwanzoni hakutaka hata kuiona. Amenitumia swali la mazoezi kuhusu jiwe lililotupwa juu kwenye sayari yenye mvutano nusu ya wetu, anataka kujua litafika wapi. Majibu yake alikuwa ameshaandika, alitaka nimsahihishie tu. Litapanda mara mbili zaidi. Amepata.

Mimi nina testi Jumatatu saa mbili asubuhi, na bomba naona limeanza kukohoa. Naenda kukinga. Kama kuna mtu ana desa la mtetemo na mawimbi, chumba changu mnakijua.